MBUZI APIMWE KWANZA, BEI IFUATE

Siku ya kufungua shule mwezi wa Januari, ingia darasa lolote la shule hii uulize ni wangapi wamelipiwa karo na mbuzi. Mikono itakayoinuka itakushangaza. Wengine hawatainua kwa kuona haya, maana kijana akishaishi mjini Nakuru hujifanya hajawahi kunusa zizi. Lakini tunajuana. Karo ya wengi wetu hutembea kwa miguu minne kabla ya kufika kwa mhasibu wa shule. Inatoka Mogotio, inatoka Marigat, inatoka Solai na Rongai, na wenye kondoo inawatokea Molo na Mau Narok. Kwa hiyo namna mbuzi anavyouzwa si habari ya wazee wenye fimbo peke yao. Ni habari yetu pia.

Nami nasema waziwazi, bila kupepesa macho: masoko yetu mengi ya mifugo hayaendeshwi kwa haki. Sisemi kila mfanyabiashara ni mwizi, la hasha! Nasema utaratibu wenyewe umeachwa kama nyumba isiyo na mlango, na asiyejua bei ndiye anayelipia.

Hebu tutazame mambo yanavyokwenda. Mfugaji anafika sokoni alfajiri na mbuzi wake wawili au watatu. Analipa ushuru wa kaunti mlangoni, anapewa risiti. Kabla hajawafunga kamba, dalali ashafika. Anampapasa mbuzi mgongoni, anamshika mbavu, anamwinua kidogo kama mtu anayepima mtoto wa jirani, kisha anataja bei. Mwenye mbuzi akikataa, dalali anakwenda kando na mnunuzi, wananong'onezana, anarudi na shilingi mia mbili zaidi na uso wa huruma. Bei aliyotajiwa mnunuzi siyo ile aliyotajiwa mwenye mbuzi. Hapo katikati ndipo dalali anapokula, na wala hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Katika masoko ya ngamia na ng'ombe ya Wasomali, wauzaji na wanunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa wakabonyezana vidole, ili aliyesimama karibu asijue bei. Ni ufundi, sikatai, na wenyewe wanaelewana vizuri sana. Kwetu hata vidole hakuna. Kuna mnong'ono tu. Halafu tunaita mahali hapo mnada! Sisi wa Chama cha Kiswahili tunajua kwamba mnada umetokana na kunadi, yaani kutangaza kwa sauti kubwa kila mtu asikie. Mnada wa kunong'ona ni kama kengele ya shule iliyojazwa pamba.

Sasa nije kwenye mizani, maana hilo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Likizo ya Desemba 2024 nilikuwa kwa nyanya yangu upande wa Mogotio. Kuna jirani anayenunua skrepu, naye ana mizani ya kuning'iniza. Nikamwomba aniazime. Tulichukua gunia, tukalitoboa mashimo manne ya miguu, tukamvalisha mbuzi, tukamning'iniza kwenye tawi la mgunga. Ni kweli kwamba watu husema usiuziwe mbuzi kwenye gunia, lakini huyu wetu alikuwa kwenye gunia ili ajulikane, si ili afichwe. Nyanya alicheka mpaka akakaa chini. Alisema mbuzi si makaa, hapimwi. Tukawapima madume wawili waliozaliwa msimu mmoja, wote wamehasiwa. Mmoja, mweupe mwenye manyoya marefu, alikuwa kilo 27. Wa pili, mwekundu mwenye manyoya mafupi, alikuwa kilo 36. Ukiwatazama wamesimama ungeapa kwamba wanalingana. Manyoya yalidanganya.

Januari tukawapeleka sokoni, soko ambalo sitalitaja jina. Dalali akawapapasa wote wawili. Mweupe akapewa shilingi 6,500, na mwekundu shilingi 7,000. Nilipojaribu kusema habari ya kilo, aliniangalia kama mtu aliyeongea Kichina. Akamgeukia nyanya, akamwambia, "Kogo, mwanafunzi huyu amesoma sana, lakini bei ndiyo hiyo." Nyanya akauza. Karo ilikuwa inangoja.

Chukua kalamu tufanye hesabu, ni ya darasa la saba tu. Shilingi 6,500 gawanya kwa kilo 27, unapata kama shilingi 240 kwa kilo. Shilingi 7,000 gawanya kwa kilo 36, unapata kama shilingi 194. Kumbe mbuzi aliyelishwa vizuri zaidi ndiye aliyeuzwa kwa bei mbaya zaidi! Kama mwekundu angelipwa kwa bei ya mwenzake, shilingi 240 mara 36, angeleta shilingi 8,640. Tulipoteza zaidi ya shilingi 1,600 kwa mbuzi mmoja. Zidisha kwa watu wote waliokuwa sokoni siku hiyo, ukiweza.

Jambo la kuchekesha, ingawa halichekeshi, ni kwamba mbuzi huyo huyo alipofika buchani Nakuru alipimwa. Mwenye bucha hawezi kukuuzia nyama kwa kupapasa. Sheria ya vipimo inamlazimu awe na mizani, na mizani hiyo lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri na maafisa wa serikali. Ukinunua nusu kilo unapimiwa nusu kilo, na ukipunjwa unapiga kelele. Yaani mbuzi wetu hana kilo mpaka afe! Akiwa hai mikononi mwa mfugaji anauzwa kwa jicho, akishakuwa mikononi mwa mfanyabiashara anauzwa kwa gramu. Na mfanyabiashara anajua vizuri kwamba mbuzi akichunwa na kutolewa matumbo, nyama inayobaki kwa kawaida haifiki nusu ya uzito wake wa mwanzo. Hesabu hiyo anaifanya kichwani akimpapasa. Sisi ndio tusioifanya.

Huko New Zealand, watu hufuga wanyama wanaofanana na kulungu wetu, mashambani ndani ya nyua ndefu, na wamefanya hivyo kihalali tangu mwisho wa miaka ya 1960. Wana minada yao. Hapa kwetu hilo haliwezekani, maana uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na wanyama wa porini si wa kupelekwa sokoni. Nawataja kwa sababu moja tu. Mnyama yule ni mwoga na mkali, mara ana pembe za kutoboa tumbo, na bado wanampitisha kwenye kizimba chenye mizani. Sasa mbuzi wa nyanya yangu, anayekula hata daftari ukimwachia, anashindikana kupimwa kwa nini?

Najua wapo watakaosema, "Lakini sisi tuna mnada mzuri, tuna Kimalel." Ni kweli. Kimalel iko kwenye barabara ya kutoka Marigat kwenda Kabarnet, na mnada wake wa mbuzi ulianzishwa katika miaka ya 1980 enzi za Rais Moi, mwana wa Baringo. Baadaye ulilala, na ukafufuliwa baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013. Hufanyika Desemba. Siku hiyo utaona magari makubwa, ngoma za Watugen, Wailchamus na Wapokot, wageni kutoka Nairobi, na viongozi wakisimama mmoja mmoja kutangaza kwamba wananunua mbuzi mia. Mfugaji anapata bei nzuri kuliko ya kawaida, tena kabla ya Krismasi na kabla ya karo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: wapo wanafunzi walioingia kidato cha kwanza kwa sababu ya siku hiyo moja.

Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba Kimalel ni harambee yenye pembe. Mheshimiwa anayenunua mbuzi mia hawatazami. Hajui kama ni wanene au wamekonda, na hahitaji kujua, kwa sababu hanunui nyama, ananunua makofi. Bei ya hisani haimwambii mfugaji kitu chochote kuhusu mbuzi wake. Aliyemlisha vizuri na aliyemwacha akonde wanaweza kupata bei moja. Na wiki inayofuata, wageni wakisharudi Nairobi, yule aliyekosa nafasi siku ya sherehe atapeleka mbuzi wake kwenye soko la kila wiki, na pale atamkuta dalali yule yule na mnong'ono ule ule. Mwaka una wiki 52. Kimalel ni siku moja.

Mimi sitaki Kimalel ifungwe. Nataka itumiwe. Pale ndipo macho ya nchi yanapokuwa na ndipo kamera za televisheni zinapokuwa. Basi watu waone mbuzi akipita kwenye mizani, kilo zake ziandikwe ubaoni kwa chokaa, halafu mheshimiwa ainue mkono wake. Akitaka kuongeza shilingi elfu mbili za ukarimu, aongeze, Mungu ambariki. Lakini kila mfugaji aliyesimama pale arudi nyumbani akijua mbuzi wake ana kilo ngapi.

Walimu wetu wa historia wametufundisha kwamba mnada mbaya unaweza kuleta balaa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba huko Machakos wamezidi. Ikawachukua kwa nguvu na kuwauza kwa mnada kwa bei ya kutupa, na wakati huo kiwanda cha nyama cha Liebig's kule Athi River kilikuwa kinataka ng'ombe wengi kwa bei rahisi. Kulikuwa na mnada, ndiyo, na pengine hata nyundo iligongwa. Lakini mwenye ng'ombe hakuwa na ruhusa ya kusema hapana. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kudai ng'ombe wao, na ingawa yeye alikamatwa na kupelekwa Lamu, serikali ilirudi nyuma. Kwangu mimi hapo pana funzo kubwa kuliko la tarehe: mnada ambao muuzaji hawezi kurudi nyumbani na mnyama wake si mnada.

Kwa hiyo kila mfugaji, kabla ya mbuzi wake kuingia uwanjani, amwambie karani kimyakimya bei ambayo chini yake hauzi. Bei isipofika, mbuzi anarudi, na asidaiwe ushuru mara ya pili wiki ijayo. Naomba nisieleweke vibaya hapa. Sisemi serikali itangaze bei moja ya chini kwa mbuzi wote. Hilo limejaribiwa kwenye chai. Mwaka 2021 iliwekwa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo katika mnada wa Mombasa. Chai nyingi ikabaki ghalani bila mnunuzi, na mwishowe bei hiyo ikaondolewa. Chai inaweza kungoja ghalani. Mbuzi ghalani anakula.

Lakini kuna mambo ya mnada wa chai ambayo tungeiga. Mnada ule ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu mwaka 2020 unafanywa kwa kompyuta. Kabla ya siku ya mnada kila shehena ya chai inajulikana: inatoka kiwanda gani, ni ya daraja gani, ni kilo ngapi. Wanunuzi wanatumiwa sampuli, wanaonja. Wakija kushindana wanashindana kwa bei, si kwa kubahatisha. Mkulima mdogo wa Kericho analalamika sana, na ana sababu zake, lakini halalamiki kwamba chai yake iliuzwa bila kupimwa.

Nimezungumza na watu wanaopinga wazo hili, maana si vizuri kuandika ukiwa umefunga masikio. Hoja yao ya kwanza ni nzuri sana. Wanasema ukileta mizani, watu watawanywesha mbuzi maji. Naam, watawanywesha! Lita moja ya maji ni kilo moja, na mbuzi aliyelambishwa chumvi usiku anaweza kunywa lita kadhaa asubuhi. Ukiuza kwa shilingi 240 kwa kilo, hapo umemuuzia mtu maji ya mto kwa bei ya nyama. Dawa yake ni kwamba mbuzi wote wafike na wafungiwe kwenye zizi la soko saa mbili au tatu kabla ya kupimwa, bila maji, isipokuwa kuwe na jua kali sana. Haitamaliza ujanja wote. Lakini mnunuzi naye ana macho, na tumbo lililojaa maji linaonekana.

Hoja ya pili ni kwamba kilo si kila kitu. Kweli kabisa. Mbuzi wa maziwa, au beberu wa kuzalisha, hauzwi kwa kilo, anauzwa kwa ukoo wake na afya yake. Hao wawe na zizi lao na bei zao. Mimi nasema juu ya mbuzi wa nyama, ambao ndio wengi siku ya soko.

Hoja ya tatu inahusu madalali. Baba mmoja aliniambia, "Kijana, dalali ndiye anayejua huyu mbuzi si wa wizi." Na katika sehemu zetu hilo si jambo la mchezo. Sote tunakumbuka kwamba Februari 2023 serikali ilipeleka hadi wanajeshi Baringo na kaunti jirani kwa sababu ya wezi wa mifugo. Dalali anawajua watu kwa nyuso na kwa koo zao, na mnunuzi wa kutoka Nairobi, anayepeleka mbuzi Kiamaiko kuchinjwa, anahitaji mtu wa kumwambia mnyama ametoka boma gani. Basi dalali asifukuzwe. Aandikishwe, avae beji yenye nambari, na alipwe ada inayojulikana kwa kila mbuzi, iandikwe kwenye risiti. Akiulizwa na askari mbuzi alitoka wapi, ajibu. Hiyo ni kazi halali ya mtu mzima. Kinachoniudhi ni ule mfuko wa pili usioonekana.

Na jambo la pesa nitalipitia haraka. Mbuzi asipande lori kabla mwenyewe hajalipwa. Tuna M-Pesa tangu mwaka 2007, kwa hiyo habari ya "njoo Jumatatu" haina maana tena.

Kuna taarifa nyingine zilizopo tayari lakini hazitufikii. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa ripoti ya kila mwezi kuhusu Baringo na kaunti nyingine kame. Ndani yake mna bei ya wastani ya mbuzi, na hata idadi ya kilo za mahindi unazoweza kununua ukiuza mbuzi mmoja. Hicho ni kipimo kizuri ajabu, nyanya yangu angekielewa mara moja. Lakini ripoti zinasomwa maofisini. Je, ni kazi ngumu kuandika bei hiyo kwenye ubao langoni mwa soko, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa? Hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeajiriwa kuandika.

Mizani itanunuliwa na nani? Kaunti inakusanya ushuru kwa kila mnyama anayeingia sokoni. Sehemu ya ushuru huo irudi sokoni: mizani moja ya kizimba, kivuli, na choo kwa akina mama wanaokaa pale tangu alfajiri. Na aishike karani wa kaunti pamoja na mfugaji mmoja aliyechaguliwa na wenzake, si karani peke yake, maana mizani nayo ina mkono unaoishika.

Nimebakisha ombi moja, nalo ni kwa walimu wetu wapendwa na halmashauri ya shule. Kila Januari, shule zote hudai karo kwa wiki moja ile ile. Basi mbuzi wote wa Mogotio huingia sokoni kwa wiki moja ile ile. Wanunuzi wanajua kalenda ya shule kuliko sisi, na hawana haraka, kwa sababu wanajua mama mwenye barua ya karo mkononi harudi nyumbani na mbuzi. Hata ukileta mizani ya dhahabu, wauzaji wakiwa mia tatu na malori ni mawili, bei itaanguka. Shule yetu ikikubali karo ya muhula wa kwanza ilipwe kwa awamu mbili, nusu Januari na nusu ifikapo mwisho wa Februari, bila mwanafunzi kurudishwa nyumbani katikati, wazazi wangeuza mbuzi mmoja sasa na mwingine baadaye, msongamano ukiisha. Barua ya ombi hilo tumeshaiandika sisi wa kidato cha tatu. Iko kwa mlezi wa chama, na anayetaka kutia sahihi amwone kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula.